Maji Niliyomwaga Dirishani

Kwa miaka minne nilimpikia mama mkwe wangu, na katika miaka hiyo yote hakuna sahani niliyomwekea mbele ambayo haikuwa na kisasi ndani yake. Nasema mapema ili msomaji asije akanionea huruma, au mbaya zaidi, akanisifu. Watu wa kanisani walinisifu. Walisema mwalimu ana moyo, tazama anavyomtunza mama wa watu, hata maji ya kunywa anampimia kwa kikombe. Mimi niliitikia asante huku nimeinamisha uso, kwa sababu nilikuwa nacheka.

Chanzo chake ni jina. Kwetu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Hakuna kikao kinachoitishwa kuamua, wala hakuna anayeomba ruhusa. Nilipojifungua binti yangu nilikuwa nimeolewa Kanyakine miezi sita tu, na wanawake wa kule wanajua kuhesabu. Mama mkwe alikuja siku ya nne, pamoja na wanawake wenzake watano waliobeba uji na ndizi. Akamchukua mtoto, akamsogeza kwenye mwanga wa mlango, akamkagua masikio, akamkunjua vidole kimoja kimoja, akanirudishia. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua imenyesha, "Huyu mtafutieni jina kwao. Langu halitoki nje ya damu."

Wale wanawake watano waliendelea kunywa uji. Mume wangu, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi mkononi, maana alikuwa fundi wa pampu za maji na alikuwa ametoka kazini. Aliiangalia bisibisi.

Mtoto akaitwa jina la mama yangu mzazi, jina ambalo kwa desturi ni la msichana wa pili. Kwa hiyo yeyote aliyemsikia binti yangu akiitwa, na akajua kwamba ni kifungua mimba, alielewa habari yote bila kuambiwa. Shuleni walimwita hivyo, kanisani walimwita hivyo, mimi mwenyewe nilimwita hivyo uani aje anawe miguu. Kila alipoitwa nilitukanwa upya. Baada yake nilizaa wavulana watatu mfululizo, na nafasi ya kurekebisha haikuja tena.

Tena mama mkwe hakuwahi kuniita kama watu wanavyomwita mwanamke aliyezaa, yaani Mama Fulani. Angeniitaje, na huyo fulani hamtambui? Aliniita "mwalimu". Alilitamka kama jina la ugonjwa wa ng'ombe.

Nilikuwa kweli mwalimu. Nilifundisha biolojia na kemia katika shule ya sekondari iliyokuwa mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, na mikono yangu ilikuwa na chaki kila siku. Hilo nalo lilikuwa kosa. Mama mkwe alizaliwa upande wa Ishiara, chini kule kwenye joto la Mbeere, ambako zamani chumvi ya duka ilikuwa mbali, na wasichana walifundishwa kutengeneza ya kwao kutokana na majivu. Alipoolewa juu huku kwenye migomba, akapata maganda ya ndizi bila kikomo, na ufundi wake ukakua. Alikausha maganda juani, akayachanganya na makapi ya maharagwe, akayachoma polepole mpaka yawe majivu meupe. Majivu aliyatia ndani ya mkebe uliotobolewa matundu chini, akamimina maji juu, na chini yakadondoka maji ya rangi ya chai ya rangi. Kijiko kimoja cha maji hayo kwenye sufuria ya maharagwe makavu, na maharagwe yalilainika, yakawa na utamu wa chumvi ambao sijaupata mahali pengine. Watu walikuja matangani wakiuliza kama ni yeye aliyepika.

Mimi sikuruhusiwa kuugusa mkebe ule. "Mikono yako ina chaki," aliniambia mbele za watu. "Utaniharibia." Kwa miaka kumi na moja niliishi hatua thelathini kutoka jikoni kwake na sikuugusa.

Halafu figo zake zikafa.

Alikuwa na presha ya miaka mingi. Vidonge alivimeza akijisikia vibaya na kuviacha akijisikia vizuri, kama wengi wetu. Akaanza kuvimba miguu, kisha uso asubuhi, kisha akawa anahema akipanda kutoka mtoni. Tulimpeleka hospitali mjini Meru, wakampima damu na mkojo, na daktari kijana mwenye miwani akatuita mimi, mume wangu na wifi yangu, akatuambia figo zimebaki na kazi kidogo sana. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa Nairobi na mgonjwa mwenyewe alishakataa kuisikia. Kilichobaki, daktari akasema, ni chakula.

Alitupa karatasi. Chumvi, hapana. Ndizi, hapana. Viazi vitamu, nduma, maharagwe, parachichi, hapana. Nilipoisoma nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba yule mwanamke amekwisha, kwa sababu karatasi ile ilikuwa orodha ya kila kitu kinachoota kati ya Kanyakine na mtoni.

"Na kama hakuna kingine nyumbani?" mume wangu akauliza.

"Basi mmenye, mkate vipande vidogo, mloweke," daktari akasema. "Mchemshe na maji mengi, mmwage. Mtie maji mapya, mchemshe tena, mmwage tena. Potasiamu inatoka na yale maji. Mkimpa bila kumwaga, moyo utasimama tu hivi, bila hata kumsumbua. Nani anampikia?"

Wifi yangu alifanya kazi kwenye shamba la maua Timau, kwenye baridi ile, na alirudi nyumbani mara chache kwa mwaka. Akanitazama. Mume wangu akanitazama. Sikuwahi kutazamwa na watu wa ukoo ule kwa heshima kama siku ile. Nikasema, "Mimi."

Tulimhamishia nyumbani kwetu, kwenye chumba kinachopakana na jikoni, na jioni ya kwanza nilikaa kitandani kwake nikamfundisha somo. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka tu ajue kwa utaratibu ni nini kinamuua.

Nilimwambia kwamba ndani ya figo kuna mirija myembamba isiyohesabika, na damu ikichujwa humo, karibu chumvi yote huingia kwenye mirija. Mwili haukubali kuipoteza. Huivuta sodiamu kuirudisha ndani, hatua kwa hatua, na mwisho kabisa wa mrija kuna milango ambapo biashara inakuwa ya kupokezana: sodiamu inavutwa ndani, potasiamu inasukumwa nje iende na mkojo. Amri inatoka kwenye tezi ndogo iliyokaa juu ya figo kama kofia, inayotuma kemikali kwenye damu kusema, vuta hii, toa ile. Mtu mwenye figo nzima anaweza kula ndizi za Kanyakine asubuhi, mchana na jioni, na potasiamu yote ya ziada ikatoka kabla hajalala tena. Ndivyo tulivyoishi, tukila kila kinachoota kwenye mlima huu bila kujua kwamba kuna mlinzi.

"Milango yako imefungwa, mama," nikamwambia. "Kile kisichotakiwa hakitoki tena. Kinabaki kwenye damu, na moyo hauvumilii."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, nimekuomba chakula."

Nikampa chakula. Ndizi mbichi nilizomenya, nikakata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, nikaloweka tangu asubuhi, nikachemsha mara mbili. Zilikuwa na rangi ya ubao wa zamani. Hazikuwa na chumvi wala kitunguu, na utamu wake ulikuwa umekwenda na maji. Aliweka kipande kimoja mdomoni, akakizungusha huko ndani, akakimeza kwa taabu, na machozi yakamtoka. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akionja sufuria za wenzake matangani na kuacha kijiko pembeni bila kusema neno. Nakwambia kweli, roho yangu ilisuuzika.

Dirisha la jikoni lilikuwa mbele ya kitanda chake mlango ukiwa wazi, na niliuacha wazi. Maji ya kwanza niliyamwaga pale dirishani, polepole, mvuke ukipanda, harufu yote ya ndizi ndani yake. Maji ya pili vilevile. Chini ya dirisha kulikuwa na mgomba ambao ulikuwa umedumaa miaka mingi, na baada ya miezi michache ya maji yale ulinenepa kuliko wote shambani. Ulizaa mkungu ambao ilibidi tuuwekee nguzo mbili. Mama mkwe aliutazama kutoka kitandani kila siku, mgomba ukila chakula chake.

"Nipe kijiko kimoja tu cha supu hiyo," alikuwa akisema.

"Daktari amekataa, mama."

"Kijiko."

"Daktari amekataa."

Sisi wengine tulikula mezani, hatua tano kutoka kwake, mukimo, mseto wa viazi uliopondwa na maharagwe na majani ya maboga, na niliwaambia watoto watafune wakiwa wamefunga mdomo, ni adabu. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili wakati huo, ndiye aliyempelekea sahani yake. Bibi yake hakumwita kwa jina lolote. Alimwita "wewe wa jikoni". Mtoto aliweka sahani kwenye kigoda, akamnawisha bibi mikono, akarudi kwetu. Nilikuwa nikiutazama mkono wake mdogo ukimiminia maji vidole vilevile vilivyomkunjua vyake siku ya nne, na hasira yangu ilijazwa upya kila siku bila mimi kufanya bidii.

Na dawa yangu ilifanya kazi. Hilo ndilo lililokuwa tamu zaidi. Kila kliniki daktari alisoma damu yake akatikisa kichwa kwa mshangao. Uvimbe ulipungua. Alikuwa amepewa mwaka, akamaliza mwaka, akaingia wa pili. Nilikuwa nimegundua kisasi ambacho hakina polisi wala kuhani wa kukikataza: nilimweka hai, siku baada ya siku, kwenye chakula kile.

Mwaka wa pili wifi yangu alikuja likizo kutoka Timau. Alimkuta mama yake amekonda, na mama yake akamlilia kwamba hajaonja chumvi kwa miezi ishirini. Kosa walilolifanya wale wawili ni kosa ambalo lingeweza kufanywa tu na watu waliojua kile walichokijua wao. Daktari alikataza chumvi. Chumvi ni ya duka, ina karatasi na picha. Maji ya majivu si chumvi. Ni maganda ya ndizi na makapi, kitu cha shambani, kitu cha mama zao na bibi zao, na hakijawahi kumdhuru mtu Ishiara wala Kanyakine. Tena kilikuwepo kabla ya madaktari. Basi nilipokuwa nikienda shule, wifi yangu aliushusha ule mkebe wa matundu kutoka darini, akachoma maganda, akampikia mama yake maharagwe.

Niligundua siku ya Ijumaa jioni, nilipokuwa nabadilisha shuka. Chini ya kitanda kulikuwa na chupa ya juisi iliyojaa nusu. Mama mkwe alikuwa amelala amegeukia ukuta. Niliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, nikaiona ile rangi ya chai. Nililowesha kidole nikaonja, ikateleza ulimini kama sabuni, kisha ikauma.

Hakuna mtu katika wilaya ile aliyejua vizuri kuliko mimi kilichokuwa ndani ya chupa ile. Mvulana wa kidato cha pili angekwambia: majivu ya mimea ni potasiamu, ukiyatia kwenye moto wa maabara yanatoa ulimi wa zambarau. Maganda ya ndizi zaidi ya yote. Maji niliyokuwa nimeyamwaga dirishani miezi ishirini, wao walikuwa wameyachuja upya kwenye majivu, makali zaidi, wakamrudishia. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hata daktari hakulitaja. Potasiamu hutoka kwenye ile milango ya mwisho kwa kupokezana na sodiamu inayofika pale. Mtu uliyemnyima chumvi kwa muda mrefu, sodiamu inayofika mlangoni kwake ni haba, na potasiamu inakosa nafasi ya kupita. Nilikuwa nimemfungia huku, nao wakamjazia kule.

Nilisimama na ile chupa labda kwa dakika moja. Kisha niliirudisha palepale, na nikahakikisha kwamba alama ya duara kwenye vumbi imefunikwa sawasawa na kitako chake.

Sitasema nilichanganyikiwa. Nilikuwa mtulivu kuliko nilivyowahi kuwa katika nyumba ile. Kesho yake, Jumamosi, nilikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa ambao nilikuwa sihudhurii, nikakaa mpaka jioni, ili jikoni pawe wazi. Jumapili nilibaki kanisani baada ya ibada nikasaidia kufagia. Jumatatu nilikwenda shule nikafundisha kidato cha tatu jinsi mwili unavyotoa taka, nikachora ubaoni mrija wa figo kwa chaki za rangi, mishale ya bluu kwa sodiamu, ya njano kwa potasiamu. Msichana mmoja wa mbele aliuliza potasiamu ikikosa kutoka inakuwaje. Nilimjibu vizuri kabisa. Walinakili.

Jumatatu hiyohiyo saa kumi nilipofika nyumbani, wifi yangu alikuwa amesimama uani akipiga kelele. Mama yao hawezi kuinua miguu. Niliingia nikamkuta amelala chali, macho yako wazi, mikono imelegea pembeni. Nilimshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yakija mawili, yakisita, likija moja.

Jirani alikuwa na pikapu. Walipokuwa wakimbeba kwenye blanketi, nilichukua ile chupa chini ya kitanda nikaitia kwenye mkoba wangu pamoja na madaftari. Sikujua bado nitaifanyia nini. Nilijua tu kwamba sitaki ibaki nyumbani.

Hospitalini walimfungia nyaya kifuani na mashine ikatoa karatasi, na hata mimi niliona ile mistari, mawimbi yenye ncha ndefu kama mahema. Yule daktari wa miwani alikuja mbio.

"Potasiamu imepanda vibaya sana. Amekula nini?"

Wifi yangu akaninyooshea kidole, mbele ya daktari, manesi wawili na wagonjwa wa wodi nzima. "Muulizeni huyu! Ndiye anapika. Hajawahi kumpenda mama, tangu azae. Huyu ametaka mama afe!"

Mume wangu alikuwa pale. Safari hii hakuwa na bisibisi ya kuangalia, akaangalia sakafu.

Nilifungua mkoba, nikatoa chupa, nikaiweka juu ya meza ndogo kando ya kitanda. "Amepikiwa na hii," nikasema. "Ni maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Mimi niko shule mchana. Mwulize aliyeyachuja."

Nakiri hapa, kwa kuwa hapana mahali pengine nitakapokiri: sikuitoa chupa ile ili kumwokoa mama mkwe. Niliitoa ili nimwone wifi yangu usoni. Na nilimwona. Kidole chake kilibaki kimenyooka hewani, kisha kikakunjika chenyewe. Alikaa chini kwenye simiti akaanza kulia kwamba hakujua, kwamba si chumvi, kwamba ni majivu tu.

Daktari hakumsikiliza. Alikuwa tayari anaita dawa. Wakamchoma kalsiamu kwenye mshipa kuulinda moyo, wakamwekea dripu ya sukari na insulini ili potasiamu iingie ndani ya seli na kuiacha damu. Ukweli nilioutoa kwa chuki ndio uliowaonyesha pa kuanzia. Mawimbi kwenye karatasi yalianza kulala, moja baada ya jingine.

Baadaye, mama mkwe alipokuwa amerudiwa na sauti, daktari akanigeukia. Alikuwa kijana lakini hakuwa mjinga. "Mwalimu, wewe hii kitu unaijua. Uliiona chupa lini?"

"Leo," nikasema.

Daktari aliendelea kunitazama. Na hapo mama mkwe, aliyekuwa amefumba macho, akasema kutoka kitandani, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Leo. Ameona leo. Mimi nilikuwa nimeficha."

Nilitoka nje.

Aliporudi nyumbani ilipita wiki nzima kabla hajataja jambo lile. Wifi yangu alikuwa ameshakimbilia Timau. Nilikuwa nikimmenyea mama mkwe ndizi, tuko wawili.

"Ijumaa sikuwa nimelala," akasema.

Niliendelea kumenya.

"Nilikuona kwenye kioo cha picha ya marehemu mume wangu pale ukutani. Ukaonja. Ukacheka kidogo. Nikajua basi hii ni sumu, mwalimu hachekagi bure. Nikangoja uichukue. Ukairudisha."

"Na ulijua, ukaendelea kula?"

"Maharagwe yalikuwa matamu," akasema. Akavuta pumzi. "Hata mimi ningeirudisha. Ningekuwa wewe, ningeirudisha, na daktari nisingemwonyesha."

Nilitamani angenitukana. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejiona mtu wa aina nyingine, mtu aliyeonewa, na sasa mwanamke niliyemchukia kuliko wote alikuwa ananitazama kama mtu anayemtambua ndugu yake sokoni. Aliniambia, "Huyo msichana wako, mwiteni jina langu. Nilikosea. Mtu mwenye roho kama yako si wa kutoka nje."

Miaka kumi na mitatu nilikuwa nimengoja maneno hayo. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi, nilikuwa nimechagua hata mahali, kanisani, mbele ya wale wanawake watano. Yalipokuja, yalikuja jikoni, bila shahidi.

"Mtoto ana jina," nikamwambia. Nikainua sufuria nikamwaga maji ya kwanza dirishani.

Aliishi miaka miwili mingine. Sikumlegezea kitu. Nilimenya, nikaloweka, nikachemsha, nikamwaga. Hakuomba tena supu. Alichoomba, mara moja moja, ni jina lake. Alisema anataka tu alisikie likiitwa uani, mtoto akiitwa aje ale, aje anawe miguu, akemewe hata. Alikuwa na mwana mmoja wa kiume, nami ndiye mkewe. Wifi yangu alizaa wavulana watupu. Palikuwa na msichana mmoja tu wa kulibeba, na mama yake alikuwa mimi. Nilimjibu vilevile kila mara, kwa upole, kama nilivyokuwa nikimjibu kuhusu supu.

Siku zake za mwisho alikuwa haoni vizuri. Mchana mmoja nilikuwa nimesimama dirishani na maji ya pili, nikasikia ananiita. Hakusema mwalimu. Alisema "Mama," kisha akaweka jina lake mwenyewe, lile jina nililonyimwa, jinsi ambavyo dunia nzima ingeniita kama siku ya nne ingekwenda kama inavyokwenda kwa watu wengine. Aliita mara tatu. Sauti yake haikuwa na ujanja wowote, ilikuwa sauti ya mama anayemwita mke wa mwanawe aje. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake na nilisikia zote tatu. Nilimwaga maji mpaka sufuria ikawa tupu, na sikuitika.

Aliaga dunia wiki hiyohiyo, asubuhi, mtulivu. Ule mgomba bado upo, umetoa machipukizi mpaka nimekosa pa kuyapeleka. Binti yangu ni mtu mzima sasa, ana watoto wake, wanaitwa majina ya watu wa kwa mumewe na jina langu. Ukizunguka ukoo mzima, kuanzia Kanyakine mpaka Timau, humpati msichana hata mmoja anayeitwa jina la yule mwanamke. Wakati mwingine nikiwa peke yangu uani, midomo yangu hulitafuta yenyewe, na mimi huifunga. Na hapa pia, tangu mwanzo mpaka mstari huu, sijaliandika.